Maneno adimu ya Kiingereza kwenye Scrabble: maana yake, pointi zake na herufi zinazoyadandia

#1 Kibo_7 (Moshi)

Wakuu, habari za mchana. Uzi huu ni kwa wachezaji wa Scrabble (mchezo wa kupanga kete za herufi kuwa maneno ubaoni, kila herufi na pointi zake) wa Moshi na Arusha, hasa walimu wanaoandaa timu za shule.

Orodha za maneno ya ajabu zimejaa mtandaoni, ila nyingi zinakupa neno tupu. Mchezaji anakariri maneno mia mbili, akifika ubaoni anaongeza S pasipokubalika, neno linapingwa, zamu imeliwa. Jifunzeni maana. Maana ndiyo inayokuambia neno ni nomino, kitenzi, kivumishi au mlio wa mdomo, na hapo ndipo unapojua linaongezewa herufi gani. Herufi moja inayokaa mbele au nyuma ya neno lililopo tayari, hapa tuiite herufi inayodandia.

Kwanza kamusi. Marekani na Kanada wana orodha yao. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki, sisi tukiwemo, hutumia Collins Scrabble Words. Collins ina maneno ya herufi mbili 127, ile ya Marekani ina 107. Programu nyingi za simu huja na orodha ya Marekani, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ubadilishe kabla hujaanza mazoezi, la sivyo utaambiwa ZO na KY si maneno, kumbe kwa Collins ni halali. Kwa wanaonunua kitabu cha mtumba: toleo la kabla ya 2019 halina OK, EW wala ZE. Mwaka 2021 nayo yaliondolewa maneno ya kashfa yapatayo 400, na kitabu cha zamani bado kitayaonyesha. Tazama mwaka wa toleo kabla ya kutoa hela.

Sasa herufi mbili zenye uzito:

QI, pointi 11, ni nguvu ya uhai katika fikra za Kichina. Ni nomino, hivyo QIS inakubalika. Inadandiwa pia na N: QIN ni ala ya nyuzi ya Kichina.

ZA, pointi 11, ni pizza kwa lugha ya mtaani ya Marekani. ZAS, ZAG, ZAP, na ZAX, ambayo ni kifaa cha fundi paa cha kukatia vigae vya mawe.

ZO, pointi 11, ni chotara wa ng'ombe na yaki wa milima ya Himalaya. Mnyama huyohuyo anaandikwa pia ZHO, DZO na DSO, yote halali.

JO, pointi 9, ni mpenzi kwa Kiskoti. JOS ipo.

KY, pointi 9, nayo ni ya Kiskoti: ng'ombe, wengi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Neno tayari lipo katika wingi, kwa hiyo S haikai. Linapokea E (KYE, maana ileile) na U (KYU, daraja la mwanafunzi wa karate au judo).

XU, pointi 9, ni sarafu ya zamani ya Vietnam na wingi wake haubadiliki. Hakuna S. XI ni herufi ya Kigiriki, na XIS ni sawa. Wachezaji huchanganya hizi mbili kila siku.

AE ni "moja" kwa Kiskoti, kivumishi, S hakuna. CH ni "mimi" ya lahaja ya zamani ya Uingereza, kiwakilishi, S hakuna. ZE ni kiwakilishi kisichotaja jinsia, S hakuna. AA ni lava yenye uso wa makali makali, neno la Hawaii. AI ni mnyama mvivu mwenye vidole vitatu wa Amerika ya Kusini. Hizi mbili ni nomino, AAS na AIS ziko sawa.

C ina neno moja tu la herufi mbili, hilo CH. V haina hata moja. Ukiona V imekaa ubaoni, jua upande ule huwezi kubandika neno sambamba kwa herufi mbili. Mchezaji anayelinda uongozi huiweka V makusudi ili kufunga ubao.

#2 Mawenzi_Z (Moshi)

Mkuu Kibo, shukrani. Niongeze hesabu ya QI, maana wengi wanaiweka popote na kuchukua 11 wakaridhika.

Tafuta chumba cha kuzidisha herufi mara tatu ambacho chini yake ipo I. Weka Q kwenye chumba hicho na I nyingine kulia kwake. Umeandika QI kwa ulalo na QI kwa wima. Q ni 10, mara tatu ni 30, jumlisha I moja ni 31, na inahesabiwa pande zote mbili: 62. Kete mbili tu.

X vilevile. Ikiwa A au E iko juu ya chumba hicho na unayo nyingine ya kuweka kushoto, AX au EX pande zote mbili ni 25 mara mbili, yaani 50.

Kosa la kawaida ni kumwachia mpinzani nafasi hiyo. Kabla ya kuweka I, A, E au O kando ya chumba cha mara tatu, jiulize Q, X, J na Z zimeshatoka ngapi.

#3 Sakina_Q (Arusha)

Tuje kwenye Q bila U, na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Maneno mengi ya aina hii yametoka Kiarabu, na sisi tunayo nyumbani kwa sura nyingine:

QADI (14) ni kadhi. CADI na KADI pia ni halali.
FAQIR (17) ni fakiri.
TALAQ (14) ni talaka.
QIBLA (16) ni kibla.
NIQAB (16) ni nikabu.
WAQF (19) ni wakfu.
TARIQA (15) ni tarika.
SUQ (12) ni soko, la nchi za Kiarabu.
QAT (12) ni mirungi. KAT na KHAT ni mmea huohuo.

Kanuni ya kukumbuka: pale Kiswahili kilipoweka K kwenye neno la Kiarabu, jaribu kufikiria Q. Ila kanuni hiyo ni ya kukumbukia orodha, si ya kubuni maneno. Usiseme "kalamu ni ya Kiarabu, basi QALAM". Lisilo kwenye Collins halipo, hata kama asili yake ni sahihi kabisa.

Nje ya Uarabuni kuna QOPH (herufi ya Kiebrania), TRANQ (dawa ya kutuliza, kwa kifupi) na QWERTY (mpangilio wa kibodi, ni neno halali kabisa).

#4 Ngarenaro_99 (Arusha)

Naheshimu mchango wenu wakuu, lakini maana ni mzigo. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakizungumzi. Alikariri kamusi kwa takribani wiki 9. Kichwa kinabeba herufi, siyo ufafanuzi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa neno pamoja na maana atajifunza nusu ya maneno kwa muda uleule.

#5 Kibo_7 (Moshi)

Mkuu Ngarenaro, hoja nzito, na kuhusu Richards ni kweli tupu. Ila Richards alikariri kila umbo: neno, wingi wake, kitenzi kilichonyambuliwa, vyote. Mtu wa kumbukumbu ya namna hiyo hahitaji maana. Asiye nayo anahitaji njia ya kupata maumbo matano kwa kukariri moja.

Chukua milio ya mdomo isiyo na irabu: PST, BRR, HMM, TSK. Kwa macho zinafanana. PST na BRR ni milio tu, haziongezewi S. TSK ni mlio, lakini pia ni kitenzi, kutoa ule mlio wa kusikitika kwa ulimi. Kwa hiyo TSKS, TSKED na TSKING zote zinapita. Anayejua kwamba TSK ni kitenzi amepata maneno manne kwa bei ya moja.

Au SAFARI. Kwetu ni nomino. Kiingereza kimeifanya kitenzi, hivyo SAFARIED na SAFARIING (I mbili zikifuatana) ni halali. Usipojua hilo utampinga mpinzani na kupoteza.

Na kupinga kuna gharama. Kuna mashindano ambako ukipinga neno lililo sahihi unapoteza zamu, na mengine mpinzani anaongezewa pointi 5. Muulize mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza.

#6 Bint_Rau (Moshi)

Wakuu, hamjagusa maneno yetu yenyewe yaliyoingia Collins, na hayo ndiyo ya kumfundisha mwanafunzi siku ya kwanza, kwa sababu maana anazo tayari.

Ya kubeba uzito: KANZU (18), MZUNGU (18), MZEE (15), UJAMAA (15), BWANA (10).

UJAMAA nalipenda kuliko yote. Unapokuwa na J na rundo la A mkononi, wengine wanabadilisha kete. Wewe unatoa irabu nne na J kwa pigo moja.

UHURU ni pointi 8 tu, lakini inameza U tatu kati ya nne za mchezo mzima. UGALI (6) inasafisha U, A na I.

Mengine: SHAMBA, DUKA, BOMA, PANGA, NGOMA, ASKARI, KANGA, MATATU, MATOKE, HARAMBEE, MVULE, KONGONI.

Sasa sikilizeni hili. Ukimaliza kete zote saba kwa mara moja unaongezewa 50. KITENGE ina herufi saba kamili. Ukifungua mchezo nayo, usiiweke ovyo. Mstari wa katikati una chumba cha kuzidisha herufi mara mbili kwenye nafasi ya 4, na nyota ya katikati, nafasi ya 8, inazidisha neno mara mbili. Anza K kwenye nafasi ya 4. K inakuwa 10, I T E N G E zinaleta 7, jumla 17. Mara mbili ni 34. Ongeza 50, unapata 84. Ukianzia nyota yenyewe unapata chini ya hapo, kwa sababu kinachozidishwa ni N ya pointi 1 badala ya K ya pointi 5.

Saba nyingine ni KONGONI, SHAMBAS, MATATUS, ASKARIS, SAFARIS na MZUNGUS. Mmeona wingi? Ni wa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kitanzania mkono unamtuma kuandika VITENGE au MADUKA. Mzuieni. Ni KITENGES na DUKAS.

Tena, kete ya K ni moja tu kwenye mfuko. KIKOI ni halali lakini ina K mbili, kwa hiyo lazima utumie kete tupu (isiyo na herufi, husimama badala ya herufi yoyote), na kete tupu haina pointi: unapata 8. Kutumia kete tupu kwa pointi 8 ni hasara. Itunze kwa neno la herufi saba.

#7 Njiro_Vokali (Arusha)

Dada Bint_Rau, umeeleza vizuri sana. Upande wa pili wa jambo hilo ni maneno yanayofanana na ya kwetu lakini maana ni nyingine kabisa. Mtoto wa shule anayaandika bila kujua kwamba ni halali, halafu akiulizwa anakubali kuyaondoa!

KAZI ni choo, kwa lugha ya mitaani ya Uingereza. TAKA ni fedha ya Bangladesh. DADA ni harakati ya sanaa iliyoanzia Zurich mwaka 1916. BABA ni keki iliyolowekwa kwenye pombe ya ramu. PEPO ni tunda la jamii ya tikiti na boga. PIPA ni chura wa Amerika ya Kusini. KATA ni mazoezi ya hatua zilizopangwa za karate. LIMA ni aina ya maharage. KALI ni mmea wa sehemu za chumvi. KIPUKA, la Hawaii, ni kipande cha ardhi ya zamani kilichozungukwa na lava mpya.

Yote ni nomino na yanakubali S. Mawili yana ziada nzuri: KALI ikidandiwa na F ni KALIF, yaani khalifa, na LIMA ikidandiwa na N ni LIMAN (wangwa kwenye mlango wa mto), ikidandiwa na X ni LIMAX, konokono asiye na gamba. Mpinzani akiandika LIMA akidhani ni S pekee inayoweza kukaa, wewe una X mkononi.

Ila si kila neno letu limeingia. NDIZI hakuna. DALADALA hakuna.

#8 Mianzini_Kete (Arusha)

Mwalimu, swali. Mkono ukijaa irabu tupu, au konsonanti tupu, kipi bora, kubadilisha kete au kulazimisha neno?

#9 Njiro_Vokali (Arusha)

Kubadilisha kunakula zamu nzima, na kwa kanuni za mashindano lazima mfukoni ziwe zimebaki angalau kete 7. Kwa hiyo kwanza tafuta neno la kutapika irabu hata kwa pointi chache: OE (kimbunga kidogo cha visiwa vya Faroe), EAU (maji, la Kifaransa), ADIEU, AALII (mti wa Hawaii). EAU inadandiwa na X kuwa EAUX, pointi 11. Na lipo moja la irabu tupu sita, EUOUAE, alama ya muziki wa kanisa wa zama za kati, lililoundwa kwa irabu za maneno ya Kilatini "seculorum amen". Pointi 6 tu, lakini mkono unabaki mwepesi.

Kwa konsonanti: CWM (10), bonde la mviringo lililochimbwa na barafu mlimani, na CRWTH (13), ala ya nyuzi. Yote ni ya Wales, ambako W ni irabu. NTH nalo ni halali, ni kivumishi, S haikai.

Kama baada ya kuandika utabaki na irabu nne na zaidi, hapo badilisha. Unachobakiza kina thamani sawa na unachoandika.

#10 Kibo_7 (Moshi)

Hilo la kubakiza lina mbinu yake. Kundi la herufi TISANE (chai ya majani ya dawa) ni miongoni mwa yanayozaa zaidi. Ukiwa nazo sita, herufi ya saba karibu yoyote inakupa neno: ongeza G upate SEATING au TEASING, P upate SAPIENT, K upate INTAKES, Z upate ZANIEST. Ongeza H upate SHEITAN, ambaye ni shetani yuleyule tunayemjua.

Namna ya kujifunza: kata karatasi ya manila vipande 16 kwa kila ukubwa wa A4. Mbele andika herufi kwa mpangilio wa alfabeti, si neno. Kwa UGALI andika AGILU, kwa KANZU andika AKNUZ. Nyuma andika neno, maana kwa maneno matatu au manne, na herufi zinazodandia kila upande. Uwe na vikasha vitano. Kadi uliyopata inasogea mbele, uliyokosa inarudi kikasha cha kwanza. Kikasha cha kwanza kila siku, cha pili baada ya siku mbili, cha tatu baada ya nne, cha nne kila wiki, cha tano kila baada ya wiki mbili. Maneno 127 ya herufi mbili kwa mwendo wa 10 kwa siku ni siku 13. Usiguse ya herufi tatu, ambayo ni zaidi ya 1,300, kabla ya kumaliza hayo.

Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, mwaka 2015 kule Perth, Australia, alijulikana kwa maneno ya herufi tano yaliyochaguliwa vizuri wakati wenzake wakiwinda marefu. Neno fupi linalobakiza herufi nzuri mkononi ni silaha.

#11 FundiHerufi (Arusha)

Kwa shule zisizo na ubao wa dukani: plaiwudi ya milimita 4, kete za mraba milimita 19, vyumba milimita 20. Ubao basi ni sentimita 30 kwa 30 bila fremu. Msumeno unakula kama milimita 2, hivyo kipande cha sentimita 21 kwa 21 kinatoa kete 100 kamili. Kata cha 23 kwa 21 upate 110, maana nyingine zitapasuka pembeni. Msasa namba 120, kisha 240.

Idadi: E 12, A na I 9 kila moja, O 8, N, R, T 6, D, L, S, U 4, G 3, B, C, F, H, M, P, V, W, Y 2, J, K, Q, X, Z 1, kete tupu 2.

Usichonge herufi kwa patasi. Kidole kikiingia mfukoni kitazisoma. Ziandike kwa wino, na vanishi ijaribiwe kwanza kwenye kete mbovu, kwa sababu vanishi nyingi huyeyusha wino wa maka. Migongo yote ipigwe rangi moja nzito, la sivyo mistari ya mbao itamtambulisha Z kabla hajageuzwa.

#12 Mianzini_Kete (Arusha)

Asanteni wakuu. La mwisho: Q imeingia mkononi, mfuko umebaki kete 5, I zote ubaoni zimezibwa. Naifanyaje?

#13 Sakina_Q (Arusha)

Kubadilisha huwezi tena, mfuko uko chini ya 7. Mchezo ukiisha ikiwa bado mkononi mwako unakatwa 10 na aliyemaliza anaongezewa 10, tofauti ya pointi 20. Tafuta A iliyo wazi yenye nafasi moja kila upande na uwe na T mkononi, uandike QAT. Au U iliyo wazi, ukiwa na S, uandike SUQ. Ukikosa, hesabu kete ambazo hazijaonekana: kama I bado ipo mfukoni, bakiza chumba kimoja kilicho wazi cha kuandikia QI na uandike maneno yako mbali nacho, kwa sababu mpinzani naye akihesabu atajua Q iko kwako na atakuja kuziba.